Fundo kwenye Pindo la Kanga

Jumuiya ya Mtakatifu Ana husali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mapema, ili watu wawahi soko na mashamba. Jumamosi hiyo, ya pili baada ya Pasaka, walikutana kwa Mama Upendo, hapo hapo Bigwa, pembezoni mwa mji, wamekaa kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa jirani. Mvua ya masika ilikuwa imetulia kidogo kana kwamba nayo inasikiliza Injili. Ulipofika wakati wa shukrani, mzee Athanas akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Namshukuru Mungu," akasema, "kwa sababu binti yetu Hosiana amepata kazi kwa Wazungu. Kazi ya kompyuta."

Vigelegele vilipasuka mpaka mtoto aliyekuwa amelala akaamka na kulia. Hosiana alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo. Alikiinua polepole mpaka kikamfunika uso wote, akabaki amejificha nyuma yake huku akina mama wakimpiga piga mgongoni. Mama Upendo alimnong'oneza kwamba mwanawe Geofrey naye anajua kompyuta, angalau ya kuchezea magemu, asimsahau mwenzake.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Hosiana alitangulia mbele. Baba yake alimfuata akiwa na furaha ya mtu aliyetimiza wajibu.

"Baba, sijapata."

"Utapata."

"Lakini umesema nimepata."

"Nimeshukuru mapema. Ukimshukuru mtu kabla hajakupa, anaona haya kukunyima. Mimi nilipokuwa reli, kule Ngerengere, nilimshukuru bwana stesheni kwa likizo ambayo hajanipa. Akanipa siku kumi na nne."

"Mungu si bwana stesheni, baba."

"Ndiyo. Mungu ana huruma zaidi."

Athanas hakuwa mwongo. Mwongo anajua kwamba anachosema si kweli. Yeye aliamini ni kweli, ila imechelewa njiani. Tatizo ni kwamba mke wake na binti yake walipaswa kuishi na hizo kweli zake wakati zikiwa bado njiani, na haikuwa mara ya kwanza.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kila mwaka kuna mpango wa kuwaita wanafunzi wa vyuo vya dunia nzima. Mwanafunzi anaandika andiko la programu anayotaka kuitengeneza kwa miezi mitatu ya likizo ndefu, Juni mpaka Agosti. Programu yenyewe lazima iwe huria, yaani ikishakamilika inaachwa wazi, kila mtu aitumie. Andiko likikubaliwa, mwanafunzi anapewa mlezi wa kumwongoza na posho ya kumtosha. Hosiana alikuwa mwaka wa tatu chuoni. Alikuwa ametuma andiko lake siku nane zilizopita. Nafasi kwenye kundi aliloliomba zilikuwa mbili. Waliotuma hakujua ni wangapi, na majibu yangetoka Alhamisi ya wiki ya pili ya Mei.

* * *

Bernadeta, mama yake Hosiana, alirudi kutoka sokoni saa sita, tenga tupu limelala kichwani. Alikuwa ameshapata habari njiani, kwa watu wanne tofauti, na wa nne alimwomba amsaidie binti yake naye apate. Alitua tenga, akakaa kwenye kigoda, akaanza kufungua mafundo.

Hiyo ilikuwa desturi yake ya kila akirudi. Akina mama wanaoteremsha mboga kutoka milimani hawabebi karoti na kabichi tu. Wanabeba na habari za watu. Kidanga, kijiji alikozaliwa Bernadeta, kiko juu, mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu kutoka Bigwa, na mnara wa simu uko upande wa pili wa mlima. Kwa hiyo mtu wa Kidanga mwenye neno la kupeleka mjini anampa mama anayeteremka, na huyo anafunga fundo moja kwenye pindo la kanga ili asisahau. Akikutana njiani na mwenzake anayewahi zaidi, anampa na yeye, na yeye anafunga lake. Neno likishafika, fundo linafunguliwa. Bernadeta alisifika Kidanga nzima kwamba hajawahi kurudi mlimani na fundo la mtu.

Na humo ndimo lilimotoka andiko la Hosiana. Alitaka simu zifanye kama kanga ya mama yake. Simu ya mama mmoja ikikaribiana na simu ya mwenzake njiani, zipeane ujumbe zenyewe, bila bando wala mnara, mpaka ujumbe umfikie mwenyewe.

"Sasa hao Wazungu wako," Bernadeta aliuliza, akihangaika na fundo la mwisho, "ni kampuni?"

"Si kampuni, mama. Ni jumuiya. Watu wa nchi mbalimbali wanaotengeneza programu pamoja."

"Jumuiya ya mtakatifu gani?"

"Haina mtakatifu."

"Ndiyo maana inahangaika na majibu mpaka Mei." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Na kiangazi chote utakuwa kwenye hiyo kompyuta. Saa ngapi kwa siku?"

"Nane. Saa arobaini kwa wiki."

Bernadeta alijinyoosha mgongo. Kiuno chake siku hizi kilikubali kubeba lakini hakikukubali kuinama. Alikuwa amemtegemea binti yake kulima matuta ya Kidanga kiangazi hiki, na Hosiana alilijua hilo vizuri. Walikuwa hawajalizungumza kwa sababu kila mmoja alikuwa anamwonea huruma mwenzake.

Jioni ile Hosiana alikuta barua pepe ya mlezi, mama mmoja wa Ureno ambaye ndiye angemsimamia kama angekubaliwa. Alisema andiko limempendeza, lakini lina pengo moja. Ujumbe ukishamfikia mwenyewe, simu nyingine zilizoubeba zitajuaje? Zisipojua zitaendelea kuubeba na kuugawa hadi zijae, na mtandao wote utakwama. Tafadhali ajibu kufikia Jumatano.

Hosiana alisoma swali hilo mara tano. Alijaribu kuweka muda, kwamba ujumbe ufe baada ya siku saba, lakini siku saba za simu hamsini zinazogawiana bila kukoma zilikuwa nyingi mno. Alilala akiwa na hakika kwamba amekosa, na kwamba itabidi baba yake arudi jumuiyani kurudisha shukrani.

* * *

Jumatatu asubuhi Semeni alipita nyumbani. Semeni ni jirani wa mjomba Severini kule Kidanga, mwanamke mrefu, mwepesi wa mguu, na kwa kawaida ndiye huwahi kuliko wote. Hakutua tenga lake la karoti. Alisimama mlangoni, akashika pindo la kanga, akasema kwa sauti ile wanayotumia wakitoa neno la mtu, kama anayesoma:

"Bernadeta wa Bigwa, kaka yako Severini anasema hivi. Amesikia Hosiana anakwenda kazini Ulaya. Anampongeza. Na kwa kuwa wewe kiuno kinakusumbua na binti hatakuwepo, shamba la mama amempa Lucy wa mdogo wako alime kuanzia kiangazi hiki. Lisilale." Akafungua fundo. "Mwisho."

Bernadeta alikaa chini palepale kwenye kizingiti.

"Ulaya?" alisema Hosiana. "Nani kasema Ulaya?"

"Mimi nilipewa Ulaya," alijibu Semeni. "Nimebeba kama nilivyopewa. Kapandisha Mama Upendo Jumamosi, kampa Anjela sokoni, Anjela akanipa mimi. Tumepeleka neno kwa neno. Kama lilitoka limeoza, dada, si sisi tulioliozesha."

Hakuna aliyemlaumu Semeni. Wote watatu waligeuza macho kwa Athanas, ambaye alikuwa anakunywa chai ya tangawizi, na ambaye ghafla aliona chai ile ni ya moto mno.

"Mimi sikusema Ulaya," akasema. "Nilisema Wazungu."

"Wazungu wanakaa wapi, Baba Hosiana?" aliuliza mkewe kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele.

Kwa Waluguru, wenyeji wa milima hii, ardhi hufuata upande wa mama. Matuta saba ya Kidanga, yaliyo chini ya mfereji, yalikuwa ya bibi mzaa mama wa Hosiana, yakawa ya Bernadeta, na yalitakiwa yaje yawe ya Hosiana. Lakini mwenye kusimamia ni mjomba, na mjomba Severini alikuwa na sheria moja: shamba halilali. Asiyelitia jembe analiachia ndugu anayeweza. Karoti na kabichi zilizomsomesha Hosiana zilitoka kwenye matuta hayo. Bila hayo, Bernadeta angebaki kubeba mboga za watu kwa ujira, na umri wa kuanza hivyo ulikuwa umeshampita.

Na Hosiana aliona jambo lote kwa mara moja. Kazi hana. Swali la mlezi hajalijibu. Na shamba la mama limeondoka kwa sababu ya kazi ambayo haipo. Alihisi aibu kali, kama vile yeye ndiye aliyesimama mbele ya jumuiya.

"Kesho tunapanda Kidanga," akasema Bernadeta, akinyanyuka kwa kushika mlango. "Wote watatu."

"Mimi goti langu," alianza Athanas.

"Mdomo wako ulipanda bila goti. Na wewe utapanda."

* * *

Waliondoka kulipopambazuka. Njia ilikuwa tope, na ukungu ulikuwa bado umekaa migombani. Athanas alipanda akisimama kila baada ya hatua ishirini kusifia mandhari. Bernadeta alitangulia, mikono nyuma, akisalimiana na kila aliyeteremka.

Walipofika kwenye kijito cha pili walikutana na Anjela na mzigo wake wa kabichi. Anjela alisimama, akashika pindo la kanga.

"Bernadeta, bahati nzuri. Nina ujumbe wako kutoka kwa Severini. Anasema amesikia Hosiana..."

"Umefika huo," alisema Bernadeta. "Semeni aliuleta jana. Fungua."

"Ahaa." Anjela alifungua fundo kwa mkono mmoja, bila hata kuyumbisha mzigo. "Mama Faraja anakuja nyuma, naye anao."

"Nitamwambia."

Hosiana alikuwa amesimama katikati ya kijito, maji yakimwingia kwenye raba.

"Mama. Kwa nini kafungua?"

"Si umefika?"

"Ndiyo, lakini yeye hakuufikisha. Kaufikisha Semeni."

"Sasa? Umefika ni umefika. Mimi niliyeupokea ninapanda, kila ninayemkuta nao namwambia afungue. Na Anjela akikutana na mwingine mwenye huo huo, atamwambia pia. Ulidhani tunazeeka nao?"

Hosiana alicheka kwa sauti, peke yake, mpaka baba yake huko nyuma akauliza kuna nini. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameona mafundo yakifungwa na kufunguliwa mezani kwao, na kwenye andiko lake alikuwa ameandika nusu moja tu, ile ya kwenda. Nusu ya kurudi alikuwa hajawahi kuiuliza kwa sababu ilitokea huku juu, njiani, na yeye siku zote alimpokea mama yake nyumbani. Alitoa simu akaandika palepale: *ujumbe ukifika, mpokeaji anatoa neno dogo la "umefika," nalo linarudi kwa njia ileile ya mkono kwa mkono, kila simu inayolipata inaacha kubeba.* Kisha akaongeza: *neno hilo ni jepesi kuliko ujumbe.*

"Mama, na 'umefika' yenyewe, huwa mnaibeba mpaka lini?"

"Mpaka nifike kwa aliyetuma. Yeye akijua, basi. Hosiana, utasimama kwenye maji mpaka kesho? Tunakwenda kudai shamba."

Mama Faraja walimkuta mbele kidogo. Bernadeta alimwambia afungue, naye akafungua. Hosiana alimtazama kana kwamba anatazama mtu akifanya maajabu.

* * *

Mjomba Severini aliwakaribisha kwa magimbi ya kuchemsha na chai. Alikuwa mtu mkavu, mwenye sweta lililotoboka viwiko, na hakuna aliyemkumbuka akipandisha sauti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kumbe Ulaya ni karibu. Umekwenda na kurudi."

Hosiana aliinamisha kichwa. Lucy, binti wa mama yake mdogo, alikuwa amekaa kwenye ukingo wa baraza na mtoto mgongoni. Alitabasamu kwa haya.

Athanas alikohoa. "Shemeji, lile neno mimi ndiye niliyelisema. Nililisema kabla ya wakati."

"Ulisemaje?"

"Kwamba amepata kazi."

"Na amepata?"

"Bado."

"Hilo kwetu lina jina, shemeji."

Athanas alilitazama gimbi lililokuwa mkononi mwake. Mtu aliyepigiwa vigelegele Jumamosi, leo Jumanne alikuwa anatafuta neno moja dogo na halikuwa likitoka.

"Uongo," akasema mwishowe.

"Haya. Kula, yanapoa." Severini alimgeukia Hosiana. "Sasa niambie wewe. Unataka kufanya nini hicho kiangazi chote?"

Hosiana alikuwa amewaandikia wageni kurasa tisa kwa Kiingereza. Mbele ya mjomba alitumia maneno ya kawaida na kanga ya mama yake. Severini alisikiliza mpaka mwisho.

"Ukimaliza hicho chombo utakiuza?"

"Hapana, mjomba. Kinaachwa wazi. Anayetaka anakitumia. Anayejua anakifungua aone kilivyoundwa, na akiona kasoro anarekebisha, na marekebisho yake yanakuwa ya wote."

"Bure?"

"Bure."

Bernadeta alijiandaa kwa kicheko, lakini Severini hakucheka. Alielekeza kidevu kwenye mfereji uliopita nyuma ya nyumba.

"Ule mfereji nao ni hivyo. Alichimba babu yako, na hatujawahi kumuuzia mtu maji. Lakini ukibomoka tunajua nani wa kumpigia kelele. Chako kikibomoka?"

"Watanipigia mimi."

"Miaka mingapi?"

Mlezi wa Ureno hakuwa ameuliza hilo. Hata fomu ya maombi yenye maswali ishirini na moja haikuuliza hilo.

"Sijui, mjomba. Nitaandika namna ya kukitengeneza. Na nitamfundisha mtu mwingine wa huku, ili nisiwe peke yangu."

"Mwingine nani?"

"Mimi simu ninayo," alisema Lucy kutoka ukingoni. Wote wakamgeukia, naye akainua uso. "Na nilimaliza kidato cha nne. Lakini mjomba, nisiwe mnafiki. Lile shamba nililifurahia. Nimeshanunua mbegu za kabichi."

Hosiana alikuwa amekuja tayari kugombana na Lucy, na alisikia vibaya kwa sababu Lucy alisema ukweli wake bila kelele.

"Ukikosa hiyo nafasi?" aliuliza Severini.

"Nalima matuta yote saba."

"Ukiipata?"

"Nakaa huku huku Kidanga. Programu hii haiwezi kujaribiwa mjini, huko mtandao upo. Nitalima mpaka saa nne asubuhi, kisha nitafanya kazi yangu mpaka jioni, na Jumamosi nitateremka mjini kuituma. Misheni ya huku wana umeme wa jua, nitaomba kuchaji."

"Umeshaomba?"

"Bado."

"Afadhali umesema bado," alisema Severini, akimtupia jicho shemeji yake. Alinyanyuka, akakung'uta suruali. "Nimesikia. Jibu litateremka."

"Si uliseme sasa, shemeji?" alisema Athanas. "Sisi tupo hapa hapa."

"Athanas, wewe ndiye wa mwisho kumharakisha mtu kusema."

Hata Bernadeta, mwenye shamba la kupotea, alilazimika kuficha mdomo kwa kanga.

* * *

Jumatano Hosiana alimtumia mlezi jibu la ukurasa mmoja na nusu. Aliandika wazi kwamba wazo si lake, ni la akina mama wa njia ya Kidanga, na akaongeza aya ya mwisho ambayo haikuwa imeombwa, kuhusu nani atakitunza chombo hicho yeye akishaondoka. Mlezi alijibu kwa neno moja la shukrani. Neno moja, na wiki mbili za kusubiri.

Zilikuwa wiki ndefu. Mama Upendo alileta kuku wa pongezi, akamfunga kwenye mguu wa meza kabla hajaambiwa kitu. Athanas alimfungua kwa mikono yake mwenyewe, akamrudisha, na akaeleza mlangoni kwa watu kwamba alikosea. Alirudi amechoka kuliko siku ile ya Kidanga. Jumamosi jumuiyani alikaa kiti cha nyuma, na ulipofika wakati wa shukrani alishukuru kwa mvua, ambayo kila mtu aliiona ikinyesha.

Jibu la Severini liliteremka Jumanne, siku mbili kabla ya majibu ya Wazungu. Lilikuja kwa Semeni, na nusu saa baadaye kwa Anjela, aliyeambiwa afungue.

"Bernadeta wa Bigwa," Semeni alisema kwa sauti ya kusoma, "kaka yako anasema hivi. Matuta manne ya juu ni ya Hosiana, apate huko asipate. Matatu ya chini Lucy apande kabichi zake kiangazi hiki, kwa kuwa mbegu ameshanunua na kosa halikuwa lake. Hosiana aje siku ya kwanza na jembe lake mwenyewe. Mwisho."

Bernadeta alilia. Alilia na kusema analia, kwamba alikuwa ameshazoea wazo la kubeba mizigo ya watu, na sasa hajui aweke wapi huko kuzoea. Hosiana alimshika mabega. Kitu kimoja kilikuwa kimepona, na alishangaa kuona kwamba ndicho alichokiogopea zaidi.

Alhamisi saa nne asubuhi barua ya mpango ikaingia. Alikuwa uani anaosha vyombo, baba yake akikarabati mlango wa banda. Hosiana alifuta mikono, akaisoma, akairudia kuanzia juu.

"Baba."

Athanas alishusha nyundo. Alimwona usoni, akajua. Ilionekana wazi jinsi maneno yalivyompanda kooni, na jinsi alivyoyarudisha chini moja moja.

"Nishukuru?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Sasa shukuru, baba."

Alifikiri kidogo. "Hapana. Aanze kujua mama yako," akasema, akakaa juu ya mbao na kutoa machozi ya furaha, mtu mzima na misumari yake mkononi.

Bernadeta aliporudi na kuambiwa, hakupiga vigelegele. Alikamata pindo la kanga, akalinyoosha.

"Sema vizuri. Anayepelekewa?"

"Mjomba Severini wa Kidanga. Mwambie nimepata. Mwambie naja na jembe."

"Niongeze nini?"

"Mwambie baba hajamwambia mtu."

Bernadeta alifunga fundo, akalikaza kwa meno.

* * *

Hosiana alipanda Kidanga wiki ya kwanza ya Juni, mvua zilipokwisha. Alikuwa na jembe jipya begani, na begi mgongoni lenye kompyuta iliyoviringishwa kwenye mfuko wa mbolea isilowe. Mama yake alikuwa nyuma yake.

Walipoanza kupanda tu, mama mmoja aliyekuwa anateremka na vitunguu alimsimamisha.

"Wewe ndiye Hosiana? Neno lako lilifika," alisema, na akafungua fundo mbele yake. Kwenye kijito cha kwanza wawili wakafanya vilevile. Kisha Anjela. Kisha mabinti watatu asiowajua kabisa, wakicheka. Neno lile dogo lilikuwa limepita kwenye kanga nyingi kuliko alivyofikiri, na wote walikuwa wamesubiri wamwone mwenyewe ndipo wafungue, kwa sababu ilikuwa habari njema. Hosiana alihesabu mafundo saba kabla ya migomba ya Kidanga kuonekana. La nane lilikuwa la Semeni.

Mjomba Severini alikuwa anawasubiri kwenye ukingo wa mfereji, juu ya tuta la kwanza. Walisalimiana. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa leso, na kwenye pembe ya leso palikuwa na fundo. Bernadeta alishtuka, kwa maana wanaume wa Kidanga hawafungi mafundo.

"Mimi neno lako lilinifika zamani," Severini alimwambia Hosiana. "Lakini mwenye shamba alikuwa bado."

Chini ya mfereji, kwenye kipande kisicholimwa, kulikuwa na kaburi la bibi, na msalaba wake wa saruji. Majani yake yalikuwa yamefyekwa asubuhi ile.

"Nimemwambia leo. Nimemwambia mafundo yake ya kanga yameingia kwenye kompyuta, na kwamba umekuja." Fundo lilikuwa limekazwa na jasho la mfukoni. Alihangaika nalo kwa vidole vyake vinene, likakataa, akatumia meno, likafunguka. "Umefika."

Hosiana alilia, na hakuficha. Alimshika mama yake mkono mpaka machozi yalipokwisha.

"Anza na hilo la juu," alisema mjomba, akirudisha leso mfukoni. "Jua linapanda."

Hosiana alivua begi lenye kompyuta, akaliweka juu ya jiwe kavu, akashika jembe.